Tulipangiwa watumishi wa afya 11, leo wamebaki 4. Kwenye kuajiri tunakosea wapi?

#1 Afisa Ikama

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni afisa rasilimaliwatu, nashughulikia watumishi wa afya kwenye mkoa mmoja wa kanda hii ya kati. Halmashauri siitaji. Nina miaka 9 kwenye kazi hii na kuna jambo limenikaa kooni.

Kuna awamu tulipangiwa watu 11 kwa ajili ya zahanati nne za mbali: matabibu, wauguzi na mteknolojia wa maabara mmoja. Walioripoti ni 9. Mmoja kati ya hao alijaza fomu zote, akafunguliwa jalada, akaomba ruhusa ya siku tatu akalete mizigo. Hajarudi hadi leo. Imepita miezi 18, wamebaki 4. Zahanati moja imerudi palepale, muuguzi mmoja na mhudumu wa afya mmoja, wakati mwongozo wa ikama (idadi ya watumishi wanaotakiwa kila kituo) wa 2014–2019 uliitaka zahanati iwe na watumishi 15 kwa uchache.

Mwezi uliopita nililala kijiji hicho. Saa saba usiku mama mjamzito akaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Muuguzi alikuwa peke yake tangu juzi yake. Alipomaliza kumzalisha akatoka nje, akaniuliza, "Kaka, kila mwaka tunasikia mnaajiri. Hao mnaowaajiri wanaenda wapi?"

Sikumjibu, na swali lake nimerudi nalo ofisini. Nalileta kwenu, hasa mliowahi kupangiwa vijijini na mliowahi kukaa meza kama yangu.

#2 Zabibu za Hombolo

Naweka kambi hapa. Uzi wa maana huu.

#3 Kijana wa Chang'ombe

Mkuu hii habari inauma. Nina stashahada ya utabibu tangu 2019, leseni yangu iko hai, na kila nafasi zikitoka naomba. 2023 zilitoka nafasi 21,200 za afya na bado nikakosa. Halafu nasikia kuna mtu kapata, kajaza fomu, kaondoka! Jibu mbona liko wazi? Mnachagua watu ambao kijiji hawajawahi kukiona. Nipeni mimi hata huko mwisho wa Chemba, nitakaa.

#4 Mzee Masijala

Kijana #3, nikurekebishe kidogo kwanza. Zile 21,200 za Aprili 2023 zilikuwa jumla ya ualimu na afya. Ualimu 13,130, afya 8,070.

La pili, unasema "mnachagua" kana kwamba Afisa Ikama anachagua. Nimefanya kazi ya utumishi miaka 31, nimestaafu, niwaeleze inavyokwenda. Zahanati inaonyesha upungufu wake, halmashauri inauingiza kwenye ikama na bajeti ya mishahara, maombi yanapanda hadi Utumishi, ofisi ya serikali inayosimamia watumishi wa umma. Kibali kinatoka kwa idadi ambayo fedha imeruhusu, na mara nyingi ni pungufu ya mlichoomba. Zamani kidogo, TAMISEMI ilipokea maombi kwenye mfumo wake na kuwapanga watu bila usaili. Siku hizi kada za afya zinapitia Sekretarieti ya Ajira, na usaili upo. Halmashauri inachopokea ni majina. Ofisa wa wilaya anamwona mtumishi wake kwa mara ya kwanza siku anaposhuka kwenye basi na begi lake.

#5 Afisa Ikama

Ahsante mzee. Ila hapo kwenye begi ndipo roho yangu inaponisuta. Kabla ya begi sina mamlaka. Baada ya begi ninayo, na sidhani kama tumeyatumia vizuri.

#6 Mkunga wa Zamu

Afadhali umelisema mwenyewe. Niwasimulie siku yangu ya kwanza.

Nilipangiwa kijiji cha milimani upande wa Mpwapwa. Nilikuwa na miaka 24. Nilifika makao makuu ya wilaya Jumatatu, nikakaa kwenye benchi hadi saa tisa alasiri kwa sababu mwenye kusaini barua alikuwa kwenye kikao. Nikaambiwa, "Kesho kuna gari linapeleka chanjo, utadandia." Gari likaja Alhamisi. Siku zote hizo nyumba ya wageni nalipa mwenyewe, kwa hela ambayo mama yangu alikopa kwenye kikoba.

Nilipofika kijijini hakuna aliyekuwa na taarifa kwamba nakuja. Nyumba ya mtumishi ilikuwa na popo, mlango hauna kitasa. Usiku ule nililala kwenye chumba cha kujifungulia, juu ya kitanda cha kuzalishia, maana ndicho kilikuwa chumba pekee kinachofungwa. Mshahara wa kwanza ulichukua miezi mitatu kutoka. Posho ya kujikimu niliifuatilia hadi nikachoka.

Mniulize kwa nini sikuondoka. Asubuhi ya pili alikuja bibi mmoja na bakuli la mlenda na ugali wa uwele. Akaniambia, "Mwanangu, hapa waliokutangulia walikuwa hawali chakula chetu." Nikala. Kuanzia siku hiyo nikawa na mtu. Kilichonizuia ni yule bibi. Ofisi haikunizuia kwa lolote.

#7 Zabibu za Hombolo

Dada #6, nimesoma mara mbili.

#8 Mwana Kilimatinde

Pole sana dada. Ila sikubali kwamba nyumba ndiyo dawa. Kijijini kwetu wananchi tulichanga, tukajenga nyumba ya mtumishi ya vyumba vitatu, kuna sola, kuna tenki la maji. Tumepokea matabibu watatu kwa miaka sita. Wote wameondoka, na hakuna aliyeondoka kwa sababu ya popo.

Wanaondoka kwa uhamisho. Leo anaripoti, kesho anaandika barua ya kumfuata mwenza. Anayemjua mtu mkubwa inapita haraka, asiyemjua mtu anabaki. Ajira inatoka kwa jina la kijiji chetu, mtu anavukia juu yake kwenda mjini, na kwenye takwimu kijiji kinahesabiwa kimeshapewa. Hilo ndilo linalotuumiza.

#9 Mama Wawili

Mwana Kilimatinde, mimi ni mmoja wa hao walioandika barua ya kumfuata mwenza. Simjui mkubwa yeyote.

Ni afisa muuguzi mwenye shahada. Nilipangiwa Singida vijijini, mume wangu ni mwalimu Mwanza, mtoto alikuwa na miezi 8. Mshahara ni uleule wa TGHS, ngazi za mishahara ya afya serikalini, uwe unafanya kazi mjini kwenye lami au mahali ambapo bodaboda inakula nauli ya kutwa. Bodi ya Mikopo inakata 15%, mfuko wa pensheni PSSSF 5%, bima ya afya 3%. Kinachobaki kinaendesha nyumba mbili, na kila mwezi mmoja wetu anakula nauli. Nilivumilia miaka minne. Mtoto alianza kumwita baba yake "mjomba". Niambie, ungekuwa wewe ungefanya nini?

Kuna siku nawakumbuka wale akina mama hadi naumwa. Ila msituite wakimbizi.

#10 Mwana Kilimatinde

Dada yangu nisamehe. Kwa miaka minne hukuvukia juu ya mtu yeyote. Ningekuwa mwenyekiti wa kijiji ningekuaga kwa ngoma. Nawasema wale wa miezi mitano.

#11 Kijana wa Chang'ombe

Turudi kwenye usaili. Mwaka jana nilifika kwenye ule wa mchujo. Nilijibu maswali ya sheria za utumishi wa umma, maadili na mambo ya kitabibu. Hakuna aliyetaka kujua kama nimewahi kukaa kijijini, au kama naweza kuzungumza na mgonjwa asiyejua Kiswahili vizuri. Mimi Kigogo nakimudu, bibi yangu kanilea Mvumi. Hiyo haina alama?

#12 Mteknolojia

Niliyepita usaili wa mahojiano niseme kidogo. Mimi niliulizwa kwa Kiingereza, nikajibu kwa Kiingereza, nikapata. Sasa hivi kutwa nzima mezani kwangu nasema "mama, kamkojoze mtoto kwenye kikopo hiki". Kiingereza changu kipo kwenye fomu tu.

Lakini usaili nautetea. Wakati wa kupangwa bila usaili nilifanya kazi na mtu mwenye vyeti safi ambaye hakuweza kusoma kipimo cha malaria kwenye hadubini. Mtu akibaki miaka kumi kituoni na hajui kazi, kijiji hakijapona. Afisa Ikama, na wewe unahesabu waliobaki tu. Hesabu na wanaoiweza kazi.

#13 Afisa Ikama

Hoja nzito, naipokea.

Na Kijana, hilo la Kigogo nakuunga mkono kwa nusu. Ajira za serikali ni za Mtanzania yeyote. Tukianza kutoa alama kwa lugha ya mahali, kesho Mgogo atanyimwa kazi Bukoba. Lakini kwenye kumpanga mtu aliyekwisha kufaulu, mbona tusitazame anakotoka?

#14 Dereva wa Chanjo

Hapohapo kwenye kutazama anakotoka ndipo undugu unapoingilia. Nimeendesha magari ya afya muda mrefu, nimeona.

#15 Kijana wa Chang'ombe

Wakuu, samahani natoka nje ya mada. Kwenye cheti cha kuzaliwa naitwa Khamis, cha kidato cha nne Hamisi, NIDA Hamis. Kuna mtu kaniambia labda ndiyo sababu maombi yangu yanakwama.

#16 Wakili wa Mtaa

Inawezekana kabisa, na ungesema mapema. Matangazo ya Sekretarieti yanaeleza kwamba majina yakitofautiana uwe na hati ya kisheria ya kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja. Nenda kwa wakili akuandalie hati ya jina, isajiliwe, kisha NIDA warekebishe, halafu upandishe kwenye akaunti yako ya Ajira. Kiapo cha mahakamani peke yake usikitegemee.

Tena hakikisha umeweka cheti chenyewe. Karatasi ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi, matokeo ya muda ya chuo nayo hayapokelewi. Nakala zako ziwe zimethibitishwa na mwanasheria. Barua ya maombi iwe na sahihi yako, wapo wanaosahau sahihi. Na usichelewe, ukomo wa umri ni miaka 45!

#17 Zabibu za Hombolo

Khamis, Hamisi, Hamis. Kijana, peke yako unatosha kujaza ikama ya zahanati.

#18 Kijana wa Chang'ombe

Hahaha. Nimekuelewa Wakili, Jumatatu niko mlangoni kwa wakili. Ahsante sana.

#19 Mzee Masijala

Suala la vyeti limenikumbusha jambo ambalo kwenye hesabu za upungufu watu hulisahau. Tarehe 28 Aprili 2017, hapahapa Dodoma, pale Chuo Kikuu, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Na kuanzia katikati ya 2016 ajira mpya zilikuwa zimesimamishwa.

Kwenye halmashauri niliyokuwa, aliondoka mhudumu wa afya aliyekaa zahanati moja zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa anajua kila nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu. Mimi ndiye niliyempelekea barua. Alinipa kiti, akaisoma, akanyamaza. Kisha akanikabidhi funguo za zahanati na daftari la wagonjwa. Mahali pake pakakaa wazi muda mrefu.

#20 Mteknolojia

Mzee, inaumiza, lakini cheti cha kughushi ni cheti cha kughushi. Mwenye cheti halali alikuwa mtaani anauza vocha.

#21 Mzee Masijala

Sikatai, na barua niliipeleka. Ninachosema ni kwamba pengo lile halikutokana na mtu kukimbia kijiji. Kila pengo lina historia yake, na sisi kwenye majedwali tunaandika neno moja tu, "upungufu".

#22 Nesi Mtarajali

Naomba kuuliza. Kama zahanati hazina watu, kwa nini hospitali ya rufaa ya mkoa isiazimishe wa kwake? Wote si wa mkoa mmoja?

#23 Afisa Ikama

Wengi wanadhani hivyo. Tangu Novemba 2017 hospitali za rufaa za mikoa zilihamishwa kutoka TAMISEMI kwenda Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zikabaki TAMISEMI chini ya wakurugenzi wa halmashauri. Kwa hiyo muuguzi wa hospitali ya mkoa na muuguzi wa zahanati iliyo umbali wa kilometa 40 wana waajiri tofauti. Mganga Mkuu wa Mkoa anaweza kushauri na kusimamia, lakini kumchomoa mtu huku kumpeleka kule kuna taratibu zake.

Tunachoweza ni kuhamisha ndani ya halmashauri. Kuna kanuni ya kupima mzigo wa kazi inaitwa WISN, inaangalia kituo kina wagonjwa wangapi na kazi hizo zinahitaji mikono mingapi. Tulipoitumia kwetu tulikuta kituo kimoja cha karibu na mji kina wauguzi kupita kazi iliyopo, na zahanati mbili zinazama. Nikaandaa barua za uhamisho wa ndani. Wiki ile simu yangu haikupumzika. Kati ya barua sita zilitekelezwa mbili.

#24 Mwana Kilimatinde

Umeona sasa? Hapo ndipo hoja yangu ya #8 inapokaa.

#25 Mkunga wa Zamu

Inakaa nusu. Hao waliopiga simu, kuna aliyewauliza nyumba ya huko ikoje?

#26 Nesi Mtarajali

Na kwa nini wasiajiriwe wanaojitolea? Kituo ninachofanyia utarajali kuna dada anajitolea mwaka wa tatu. Zamu za usiku ni zake, wakubwa wanamtegemea. Nafasi ikija, analetwa mtu mwingine na yeye ndiye anamfundisha kazi.

#27 Dereva wa Chanjo

Wanaojitolea wanaingiaje? Nyingi ya hizo nafasi hazitangazwi. Mtoto wa fulani anapelekwa na mjomba wake. Ukisema kujitolea ndiyo tiketi ya ajira, wenye wajomba wanatangulia foleni.

#28 Nesi Mtarajali

Huyu ninayemsema hana mjomba. Baba yake analima karanga Kongwa.

#29 Mzee Masijala

Nyote wawili mnasema kweli, na ndiyo maana jambo hili limekuwa gumu kwa kila serikali. Ongezeni na njia ya mikataba. Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa 2006, iliajiri wataalamu kwa mikataba na kuwapeleka hasa sehemu ngumu kufikika. Anayeomba anajua tangu mwanzo anakwenda wapi na kwa muda gani. Niliwapokea baadhi yao, walifika wamejiandaa. Lakini mkataba unaisha, na mtu akionja ajira ya kudumu mahali pengine humzuii.

Afisa Ikama, yule wa mizigo ulimfanyaje?

#30 Afisa Ikama

Utoro wa zaidi ya siku tano ni kosa la nidhamu, tukafungua mashauri. Mshahara wake tulisimamisha mapema, hakuna ofisa anayetaka mtumishi hewa kwenye orodha yake. Tatizo likaja baadaye. Akishafukuzwa, nafasi yake hairudi yenyewe. Naandika upya kuomba kibali cha ajira mbadala, nasubiri foleni na halmashauri nyingine zote. Siku tatu za ruhusa niliyoisaini mimi zimeigharimu zahanati ile zaidi ya mwaka.

Nilimtafuta kwa simu baadaye, nilitaka kujua tu. Akasema alipofika kituoni alikuta mwenzake anafungasha. Akamuuliza "unaenda wapi?" Akajibiwa "nyumbani". Basi.

#31 Mama Wawili

Hilo la mwenzake kufungasha lina uzito kuliko mnavyofikiri. Kukaa peke yako, hamna wa kumuuliza "unaonaje huyu mgonjwa?" Mtoto akifia mikononi mwako usiku, asubuhi kijiji kizima kinakutazama wewe. Mimi ningeomba wapangwe wawiliwawili, hata kama zahanati nyingine itasubiri.

#32 Mwana Kilimatinde

Na hiyo itakayosubiri ikiwa ya kwetu?

#33 Mama Wawili

Sina jibu kaka.

#34 Mteknolojia

Ukiwapeleka wawili waliosoma darasa moja wataondoka pamoja vilevile. Nimeshuhudia.

#35 Afisa Ikama

Wakuu, nimeandika mengi kwenye daftari langu. Kuna wapya watatu wanaripoti Jumatatu ijayo, wawili wanakwenda zahanati ile ya mkokoteni. Safari hii hawatakaa kwenye benchi. Nimemwomba mkurugenzi gari, kakubali, nawapeleka mimi mwenyewe na nitalala huko siku ya kwanza. Kitasa nimeshanunua. Mkunga wa Zamu, niongeze nini?

#36 Mkunga wa Zamu

Ndoo mbili zenye mifuniko, tochi ya kuchaji, neti, na sufuria hata moja. Kama kuna wa kike, mwulize pembeni, si mbele ya dereva, kama ana mahitaji yake. Mpigie mwenyekiti wa kijiji leo, usingoje Jumatatu, maana huko kwenu Jumatatu naamini ni siku ya mnada na hutamkuta mtu nyumbani.

Na huyo muuguzi aliyekuuliza swali usiku, mpe ruhusa alale siku mbili.

#37 Afisa Ikama

Mnada ni Jumatatu kweli. Nampigia sasa hivi.